Lushoto hadi Mtae kwa miguu: wenzetu wanajiunga njiani, tukutane wapi?

NyayoMbili

Wakuu habari zenu. Mwezi wa 7 tunataka kutembea milima ya Usambara Magharibi, Lushoto mjini hadi Mtae, tukilala Lukozi na Rangwi. Tuko sita ila hatuanzi pamoja, na hapo ndipo kichwa kinaponiuma.

Wawili tuko huru kuanzia Alhamisi. Mmoja yuko Dar, anapanda basi Ijumaa asubuhi. Wawili wako Tanga mjini, wanatoka Ijumaa mchana. Wa sita ana goti bovu, hawezi kutembea siku nzima, lakini anataka kuwa nasi mwishoni. Jumanne asubuhi kila mtu anatakiwa kazini.

Nilivyopanga: Alhamisi sisi wawili tunakwenda Irente (genge lenye mandhari karibu na mji) na kurudi Lushoto, kunyoosha miguu. Ijumaa tunapita msitu wa Magamba, wa Dar anatukuta humo humo mchana, tunalala Lukozi. Jumamosi Lukozi hadi Rangwi, wa Tanga wanatukuta Rangwi jioni. Jumapili Rangwi hadi Mtae, wa goti anatusubiri huko. Jumatatu tunashuka.

Mnaojua njia hiyo, nisahihisheni. Pia nataka kujua habari za vibali, maji, chakula, na namna ya kugawana gharama bila ugomvi.

---

Mgosi_wa_Juu

Onga maundo (salamu ya asubuhi ya Kisambaa), mkuu. Ratiba ya kulala iko sawa. Sehemu za kukutana ndizo mbovu, zote mbili.

Tuanze na Magamba. Basi linalotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi hulifikii Lushoto mapema. Tenga saa 6 hadi 8 za safari, na kipande cha Mombo kwenda juu ni kilomita 33 za kona na kupanda kama mita 1,000. Kwa hiyo mwenzenu atashuka Lushoto kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati ambao nyie mmeshamaliza msitu au mnautoka. Hata angewahi, msituni vijia vinagawanyika, mtandao unakuja na kupotea, na hakuna mti wenye jina la kumwelekeza mtu. Halafu ile ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu): unaingia kwa kibali na mwongozaji, malipo ni kwa kila kichwa kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali). Asiyeingia msituni halipi, kwa hiyo lipieni wawili tu. Mje na vitambulisho vya taifa (NIDA), maana raia na mgeni hawalipi kiwango kimoja. Kama kuna mwenzenu mwenye pasi ya nje, mwambieni mapema ajiandae.

Rangwi nayo. Haiko kwenye barabara ya Mtae, iko kando nayo, gari zake ni chache, mara nyingi mtu anamalizia kwa bodaboda kutoka Lukozi. Wa Tanga wakichelewa kidogo tu watakuwa wanapanda pikipiki gizani, kwenye ukungu, na mabegi mgongoni. Mwezi wa 7 jua linazama saa 12 na nusu, na ukungu hausubiri jua lizame. Zaidi ya hapo, mkiwapokea Rangwi Jumamosi jioni wamebakiwa na siku moja tu ya kutembea, nayo ndiyo ndefu kuliko zote.

Kwa hiyo wote watatu wakutaneni nao Lukozi. Ipo kwenye barabara ya Lushoto–Mtae, ina soko, wakala wa pesa, sehemu za kula na za kulala. Kanuni ni hii: anayejiunga anawakuta mnapolala, si mnapopita. Mnapolala mnakaa saa kumi na mbili au zaidi, akichelewa saa tatu hakuna kilichoharibika. Mnapopita, akichelewa dakika ishirini mnaanza kutafutana.

Sasa magari. Huku juu mabasi yanaishi kwa ratiba ya mwenye shamba: alfajiri yanashuka na watu na mizigo, mchana yanarudi. Asubuhi karibu yote yanakuja kinyume na uendako. Ukishika hilo, mengine yanajipanga yenyewe:

Wa Dar, Ijumaa: akishuka Lushoto asiende kula kwanza. Aulize gari la kwenda Mtae, apande, ashuke Lukozi kabla ya giza. Akikosa kabisa, alale Lushoto na kuungana na wa Tanga.

Wa Tanga, Ijumaa: njia ni Segera, Korogwe, Mombo, Lushoto. Wakitoka mchana watafika jioni, magari ya juu yameshaondoka. Walale Lushoto. Jumamosi saa 12 asubuhi wachukue Noah (gari dogo la abiria) au bodaboda mbili, wapatane nauli usiku wa kuamkia. Watenge saa 2 za barabara hadi Lukozi.

Kundi linaondoka Lukozi saa 3 kamili. Mnaweza kujipa uvivu huo kwa sababu Lukozi–Rangwi ni saa 4 hadi 5 tu. Ikifika saa 3 na nusu hawajaonekana, ondokeni. Wao wakifika wapande bodaboda moja kwa moja hadi Rangwi. Wasijaribu kuwafuata kwa miguu. Vijia vya mashambani ni vingi kuliko vya msituni, na kila mtoto utakayemuuliza atakuonyesha njia ya kwao.

Wa goti apande gari la mchana Jumamosi, si Jumapili. Gari likiharibika bado ana siku ya akiba, na Jumapili asubuhi, goti likiruhusu, anaweza kujikongoja kuelekea kijiji cha Mambo kwenye genge na kugeuka anapochoka, badala ya kukaa gesti. Ila asije njiani kuwapokea. Mtapishana.

Saa za mwendo, kwa kundi lenye mizigo na mapumziko: Lushoto–Magamba–Lukozi 6, Lukozi–Rangwi 4 hadi 5, Rangwi–Mtae 6 hadi 7. Mkitaka kukadiria vipande vyenu wenyewe kwenye ramani, chukueni saa 1 kwa kila kilomita 5, ongezeni saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni hesabu ya Mskoti Naismith, ya mwaka 1892, na bado inafanya kazi. Alihesabu mtu mkakamavu asiyesimama, kwa hiyo ongezeni theluthi.

Jumapili ndiyo siku ya kuilinda. Maumivu ya misuli hayaji siku uliyotembea, yanakuja kesho yake na keshokutwa. Wale watatu wa Lukozi watajiona wazima Jumamosi, watatangulia mbele wakipiga soga, halafu Jumapili kwenye saa 7 mapaja yamekuwa mbao. Nyie wawili mtakuwa mmeshazoea. Jumamosi mwenye mwendo wa taratibu awe mbele, yaani mgeni, na mmoja wenu abaki mwisho kabisa. Urefu wa huku hauleti ugonjwa wa mlima, pumzi ikiwakata ni kwa ajili ya kupanda tu.

Jumatatu: basi la kushuka linaondoka Mtae alfajiri sana, kabla hakujapambazuka. Jumapili jioni mara tu mkifika, mmoja amtafute kondakta, mara nyingi basi linalala hapo hapo kijijini, ashike viti sita. Mkilala mkisema tutaamka tuone, mtaona vumbi.

---

MamaKibuyu

Mgosi kamaliza barabara, mimi nichukue maji na mizigo.

Vidonge vya WaterGuard, vya kutibu maji: kidonge kimoja ni cha lita 20. Watu wengi wanakitumbukiza kwenye chupa ya lita moja na nusu, wanapata maji yanayonuka dawa, wanakataa kunywa, saa 8 mchana kichwa kinagonga. Mpo kundi, kwa hiyo fanyeni kwa ndoo. Mkifika mnapolala, omba ndoo ya lita 20, chuja maji kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, weka kidonge, koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, vidonge viwili. Ijumaa mko wawili na labda wa Dar. Jumamosi usiku mko watano: lita 3 kila mtu kwa safari ya Jumapili ni 15, zinabaki 5 za kunywa usiku na kupiga mswaki.

Kinachowapita wengi: Lushoto ni nchi ya mboga, na mboga zinapigwa dawa. Kijito kilicho chini ya mashamba ya kabichi na nyanya, hata kikiwa kinang'aa kama kioo, msichukue. Kuchemsha kunaua vijidudu na klorini inaua vijidudu, dawa ya wadudu haiondolewi na chochote kati ya hivyo. Chukueni bombani kijijini, au kwenye chemchemi inayotoka msituni juu ya mashamba. Muulizeni mama yeyote anayechota, anajua maji ya kunywa na ya kufulia.

Chakula. Msibebe mboga wala viazi kupanda Lukozi, mtakuwa mnapeleka chumvi baharini. Karoti, njegere, kabichi, viazi vyote viko huko. Kinachokosekana ni kitu cha kushika tumbo njiani. Kwa watano, mchana wa Jumamosi na wa Jumapili:

– chapati 30 (tatu kwa mtu kwa mlo), agizeni Ijumaa jioni Lukozi zipikwe alfajiri
– mayai ya kuchemsha 20, yabaki na maganda
– karanga za kukaanga kilo 1, ni gramu 100 kwa mtu kwa siku
– chumvi kidogo na sukari

Maharage sahauni, yanakula kuni na saa tatu. Rangwi mkilala kwa masista, chakula cha jioni wanapika wao, ila wanapika kwa idadi mliyowaambia. Pigeni simu wiki moja kabla, halafu Ijumaa usiku thibitisheni: sahani zenu ni tano, si sita, mbali na ya mwongozaji. Wa goti hayupo Rangwi. Ni kosa dogo lakini linakera, sahani inabaki mezani na mmeilipia. Pale ni nyumba ya watawa, kwa hiyo vaeni kwa heshima na kelele zikome mapema.

Anayejiunga asije mikono mitupu. Yeye ndiye gari lenu la vifaa. Wa Dar alete karanga, betri za tochi na vocha za simu. Wa Tanga walete plasta za kitambaa na soksi mbili kavu kwa kila mmoja wenu mnaoanza. Wa goti anakwenda kwa gari hadi Mtae, basi mabegi ya nguo za kurudia kazini yote yaende naye. Hiyo peke yake inawaondolea kilo tatu nne mgongoni. Lengo: begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 asivuke 13, maji yakiwemo.

Kuna watakaosema peleka mabegi kwa bodaboda Lukozi–Rangwi. Sawa, lakini koti la mvua, sweta, dawa, hela na simu havipandi bodaboda. Mwezi wa 7 ni kiangazi ila mlima una manyunyu yake, na ukishuka jasho likapoa unatetemeka. Usiku kunaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Ndani ya begi wekeni kiroba cha nailoni kikubwa, vitu vyote viingie humo, kizungushwe mdomo. Lile koti la juu la begi linavuja mgongoni, pale linapogusana na wewe.

Miguu: kata kucha siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Kwenye mteremko kidole kinagonga mbele, na kucha ndefu inakuwa nyeusi. Ukihisi joto kisiginoni, simama hapo hapo, kausha, bandika plasta. Usingoje lengelenge. Na suruali ndefu, kwa ajili ya washawasha na siafu.

---

TokaMtae

Mimi napingana na wote. Geuzeni safari. Anzeni Mtae mje Lushoto. Kila siku mnakaribia mji, usafiri unaongezeka, mtu akichoka anapanda gari linaloshuka. Nyie mnatembea kuelekea mahali ambapo gari la mwisho ni alfajiri. Na wenzenu watawakuta Lukozi vile vile, tena karibu zaidi na wanakotoka.

---

Mgosi_wa_Juu

Hoja nzuri, na kwa kundi lenye wagonjwa au watoto ningeikubali bila kubisha. Kwa hawa inagoma kwenye kalenda. Wakianza Mtae, Alhamisi yote inaliwa na gari la kupanda, Ijumaa wanatembea saa 7 miguu ikiwa haijazoea, na Jumamosi ndiyo wanashuka Lukozi, wakati wa Dar kashalala huko peke yake usiku mzima. Na wa goti anakuja kuona nini Lushoto mjini? Mtae kijiji kizima kimekaa mgongoni mwa mlima, pande zote mbili shimo, chini tambarare za Mkomazi, ng'ambo milima ya Pare. Kukiwa kweupe alfajiri unaiona Kilimanjaro. Mwezi wa 7 vumbi na mawingu huificha siku nyingi, simwahidi mtu.

---

NyayoMbili

Nimeelewa, Lukozi basi. Mama Kibuyu, la vidonge lilikuwa linakwenda kunitokea, nilishanunua pakiti nzima nikijua ni cha chupa. Yamebaki mawili: mawasiliano, na hela. Mwongozaji anatoza kwa siku kwa kundi zima, sasa mtu wa siku mbili analipaje?

---

SaaYaKiswahili

Hela kwanza, ni hesabu ya darasa la tano. Msigawe kwa vichwa, gawaneni kwa siku za kutembea. Nyie wawili siku 3 kila mmoja, ni 6. Wa Dar na wa Tanga, watatu, siku 2 kila mmoja, ni 6. Jumla 12. Gharama ya mwongozaji kwa siku zote tatu igawe kwa 12: kila mmoja wenu wawili analipa sehemu 3, yaani robo, kila mmoja wa wale watatu analipa sehemu 2, yaani moja ya sita. Wa goti halipi mwongozaji. Hela ya kumrudisha mwongozaji kutoka Mtae hadi Lushoto ni ya watano sawa sawa, na msisahau kuwa naye anakula na kulala. Ulizeni mapema kama bei yake imejumlisha hayo. Kibali cha Magamba ni chenu wawili. Vyumba, kila mtu alipie kitanda alicholalia. Mfuko mmoja wa chakula, mtunza hela mmoja, daftari moja. ATM zipo Lushoto. Kutoka hapo tegemeeni wakala, na wakala wa kijijini huishiwa taslimu, kwa hiyo Lushoto toeni noti ndogo ndogo, za elfu mbili na tano.

Mawasiliano: tumieni ujumbe wa kawaida, si WhatsApp. Ujumbe wa kawaida unajipenyeza kwenye mtandao wa mstari mmoja, WhatsApp inazunguka tu. Kati ya watano muwe na laini za mitandao isiyopungua miwili. Simu ziwe hali ya ndege mkitembea, maana kutafuta mnara ndiko kunakokula chaji. Ziwasheni saa 6 mchana na saa 11 jioni, kila siku, na wanaokuja wajue saa hizo.

Sasa jambo linalovuruga safari kuliko mvua. Tiketi ya basi ikiandikwa 10:00 ni saa 4 asubuhi. Nyie mkiandikiana "saa 10 Lukozi" ni jioni. Kondakta wa Mtae akisema "saa kumi" anasema saa kumi za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, na mtu aliyezoea saa za ofisini anatega kengele ya simu kwenye 10:00. Andikeni zote mbili, kila mara, na jina la siku:

"IJUMAA. Tuko Lukozi toka saa 11 jioni (17:00). Wa Dar ukifika uliza tulipolala pale sokoni. JUMAMOSI tunaondoka saa 3 asubuhi (09:00). Mwisho kusubiri 09:30. Ukikosa: bodaboda hadi Rangwi kwa masista, usitembee."

Na usiku: basi la alfajiri ya Jumatatu mtu analiita "la Jumapili usiku". Andikeni tarehe.

---

NyayoMbili

Nimeunakili huo ujumbe kama ulivyo. Swali la mwisho kwa Mgosi: mwongozaji tumchukue Lushoto au Lukozi?

---

Mgosi_wa_Juu

Lushoto, Alhamisi, mkirudi Irente. Muone kitambulisho chake, mpatane bei ya siku tatu kwa maandishi, naye awasaidie kibali cha Magamba siku hiyo hiyo ili Ijumaa msisimame dirishani hadi saa 4. Mwambieni kabisa kwamba kutoka Lukozi kundi linakuwa la watano, maana wengine bei yao inabadilika na idadi. Muulizeni pia kama anazungumza Kisambaa. Mkipita kijijini, "onga maundo" asubuhi, "onga mshi" mchana, na mkipewa maji, "hongea sana".